Chumba Kilichokohoa

Kivuli alikuwa akiongea tena, na Inspekta alikuwa bado haelewi kitu.

Kwenye televisheni ya kituo, kijana alikuwa ameketi, dirisha likiwa nyuma yake. Mwanga ulimpiga mgongoni, uso ukabaki mweusi tii, hata ncha ya pua haikuonekana. Sauti yake ilikuwa imeshushwa na mitambo mpaka ikawa nzito, kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

"Aliyeniingiza kwenye Ngao ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu," ilisema ile sauti ya pipa. "Mtu wa namna hiyo utamkataliaje?"

Inspekta alibonyeza rimoti, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Ndiyo tabia yake. Mashahidi wote wa mji ule walimjua kwa neno moja, "Hebu rudia," na vijana wa kituo, wakishahakikisha hayupo karibu, walimwita Mama Rudia. Mtu alikuwa anaweza kumrudishia jambo lile lile mara nne, na mara ya tano ndipo uongo unapochoka na kukaa chini. Lakini filamu haichoki. Ilikuwa inasema yale yale kwa sauti ile ile, na yeye ndiye aliyekuwa anachoka.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ngao ni kile chama cha vijana walioanza kwa kuimba barabarani wakaishia kuchoma ofisi ya gazeti na mlinzi wake ndani. Mwongozaji mmoja wa filamu alikuwa ametengeneza makala juu yao, akampata kijana wao mmoja aliyekubali kueleza jinsi moto ule ulivyopangwa. Alimpa jina la Kivuli, akamwapia kwamba hatajulikana. Makala ikaonyeshwa nchi nzima. Kesho yake Kivuli akatoka nyumbani kwenda kazini, asifike kazini, asirudi nyumbani. Mama yake akaja kituoni kuripoti kuwa mwanawe mdogo amepotea, asijue lolote kuhusu filamu. Jioni akaja mwongozaji mwenyewe, macho yamemvimba, akasema: "Huyo anayetafutwa ndiye Kivuli wangu. Lakini msimwambie mama yake. Hilo nililiahidi."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa, akaingia Mkuu wa Kituo.

"Waliokuwa wanajua Kivuli ni nani, ni wangapi?" aliuliza akiwa bado amesimama.

"Mwongozaji, mkuu. Peke yake."

"Basi umesumbukia nini? Mtu mmoja alijua siri, siri ikatoka. Hesabu hiyo hata mwanangu wa chekechea anaiweza. Jioni hii nataka huyo mwongozaji awe ndani."

"Angemuuza vipi halafu aje mwenyewe kutuambia?"

"Wangapi wameua wakaja kulia msibani kuliko wafiwa?" Mkuu akatoka kama alivyoingia.

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililozidi kumvuruga Inspekta. Kila uzi alioushika ulikuwa unakatikia mkononi. Alidhani aliyemfundisha Kivuli kufunga viatu ni kocha wa mpira wa mtaani, aliyelea nusu ya vijana wa eneo lile, na akamleta kituoni kwa mbwembwe. Kocha alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nawafundisha kupiga mpira, afande. Viatu wanakuja wameshavaa." Siku kijana alipopotea alikuwa na timu mji mwingine, watu tele wamemwona akitukanwa na mashabiki. Uzi huo ukakatika.

Nje, pale kaunta, mama wa kijana aliyepotea alikuwa ameshafika kama kila asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, anayeuliza swali moja tu: "Mmesikia lolote?" Mwanawe wa kwanza ndiye aliyemleta, kwa lile gari la kiwanda cha mikate analoliendesha. Alikuwa amembebea mama yake mkoba, mkono mwingine ana mkate wa moto kwa ajili ya askari wa zamu. Koplo, ambaye kwa tumbo lake hakuna rushwa ndogo, alikuwa ameshampenda kama shemeji.

"Bado, Mama," Inspekta alimwambia. "Tunatafuta."

"Mungu awape nguvu, mwanangu." Na akaketi kwenye benchi, kaka mtu akamshika bega.

Inspekta alipita haraka. Alikuwa na jambo ambalo mama yule alistahili kulijua, na alikuwa amelificha kwa sababu ya ahadi ya mtu mwingine. Aliona haya kumtazama usoni.

*

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi za kuta. Chumba kimoja kilikuwa na viti na meza ya chai, kingine kilikuwa kimebandikwa magodoro kutani na kujaa vioo vya kompyuta. Mwongozaji alikuwa amekaa kati ya vioo hivyo, nywele hazijachanwa. Fundi wake wa sauti, jamaa mrefu ambaye kila mtu pale alimwita Masikio, alikuwa anakunja nyaya kwa utulivu wa mtu anayesuka ukili.

"Nataka kanda zote za Kivuli," Inspekta alisema. "Zile za kwanza kabisa, kabla hamjaficha sauti."

"Siwezi."

"Mtu wako amepotea."

"Najua amepotea!" Mwongozaji alipiga paja. "Lakini ndani yake amewataja watu. Wengine wana watoto, wengine wameshatoka Ngao kimyakimya kama yeye. Nikikupa wewe, utampa mkuu wako, mkuu wako atampa wakili, mpaka jua lizame mji mzima unazo. Nimeshapoteza mmoja. Unataka niongeze?"

"Kwa hiyo unachagua ukweli upi usemwe na upi ulale."

"Kazi yangu yote ndiyo hiyo, Inspekta. Kwani wewe huchagui?"

"Polisi hatuna nafasi hiyo. Mtu akiuliza, anajibiwa."

Mwongozaji alimtazama tu. Inspekta akavuta kiti.

"Nieleze siku mliyomrekodi. Taratibu."

"Alikataa kuja hapa. Alikataa hoteli. Akasema pahali pekee ambapo Ngao hawatamshangaa akiingia na kutoka ni kwao. Mama yake alikuwa kazini. Nilikwenda peke yangu na kamera moja. Nilivaa kama muuza sabuni, na kapu."

"Hebu rudia. Peke yako?"

"Peke yangu. Mpiga picha sikumchukua. Masikio sikumchukua. Kila anayeingia ni mdomo mmoja zaidi. Nikaweka kamera kwenye stuli, nikamkalisha mgongo dirishani, nikamaliza, nikaondoka. Sauti niliishusha mimi mwenyewe ndipo nikamkabidhi Masikio aipange. Hajui sauti yake halisi mpaka leo."

"Kweli kabisa," Masikio aliitikia bila kuacha nyaya zake. "Nilipewa pipa, nikapanga pipa."

"Picha za ukutani? Zulia? Kiti?"

"Nilifunika kila kitu kwa shuka nyeusi. Ona mwenyewe."

Inspekta alikuwa ameshaona mpaka macho yamemuuma. Shuka, dirisha, kivuli cha mtu. Aliandika, akafuta, akaandika yale yale. Mwongozaji hakuonekana kuwa mwongo, na wala hakuonekana kuwa na njia ya kuwa mkweli.

Masikio alimaliza nyaya, akaaga kwamba ana kazi ya harusi mchana. Akaenda kwenye lile friji dogo la chumba cha chai, akalifungua, akatoa ufunguo wa gari. Akachomeka plagi ya friji ukutani, likaanza kuunguruma.

"Wewe," Inspekta alimwita. "Ufunguo wa gari unahifadhi kwenye friji ili usichache?"

Kwa mara ya kwanza siku ile mtu alicheka. "Ni mazoea ya kazi, afande. Friji linaunguruma, na maikrofoni inasikia kuliko mimi na wewe. Kwa hiyo kabla ya kurekodi nalichomoa. Sasa ukilichomoa kwenye nyumba ya watu ukasahau, nyama zao zinaoza, unaitwa majina. Ndiyo maana tunaweka ufunguo ndani. Huwezi kwenda nyumbani bila kulifungua, na ukilifungua unakumbuka kulichomeka. Mafundi sauti wote tunafanya hivyo."

Inspekta alibaki na kalamu hewani. "Rudia."

"Tunaweka ufunguo..."

"Sio hapo. Ukiingia nyumba ya watu kurekodi, kitu cha kwanza unafanya nini?"

"Nachomoa friji."

Inspekta aligeuka polepole kwa mwongozaji. "Siku ile nani alichomoa friji?"

Mwongozaji alilitazama lile friji dogo. "Mimi... mimi ni mtu wa picha. Hata sikulitazama. Lilikuwa pale pembeni, nililifunika na shuka."

"Mimi nililisikia," alisema Masikio, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Nilikwambia, dada. Nilikwambia kuna friji bovu humo ndani, niache niufute mngurumo wake. Ukakataa."

"Nilikataa kwa sababu..." Mwongozaji alishika kichwa. "Ngao walikuwa wanasema kila mahali kwamba filamu zetu ni maigizo, tunakodi wahuni tunawakalisha studio. Nilitaka kisikike chumba cha kweli. Uso wake sikuwa na budi kuubadilisha, na sauti yake pia. Chumba nikasema kibaki kama kilivyo. Ukianza kufuta friji leo, kesho utafuta nini?"

Masikio alirudi kwenye mitambo yake, akatafuta pahala Kivuli anaponyamaza kufikiri, akapandisha sauti mpaka mwisho. Chumba chote cha studio kikajaa ukimya wa chumba kingine. Mngurumo. Kisha mtetemo, kama wa mtu anayekaribia kupiga chafya. Kisha, wazi kabisa: koho, koho... koho. Halafu kimya.

"Hilo si la kawaida," Masikio alisema kwa sauti ndogo. "Hilo ukilisikia mara moja unalijua maisha yako yote."

Watu husema kuta zina masikio. Inspekta hakuwahi kuambiwa kwamba zina mdomo pia. Mwongozaji alikuwa ameshaanza kulia, bila sauti, na Inspekta alimhurumia, maana mwanamke yule alikuwa ameogopa midomo ya watu mpaka akamwacha studio Masikio, mtu pekee ambaye angemwokoa Kivuli wake.

"Si wewe uliyemtaja," alimwambia. "Lakini aliyemtambua ni mtu aliyekaa na friji hilo mpaka akalizoea. Mtu wa nyumbani mle, au mgeni asiyekauka."

"Wanaoishi pale ni mama yake na kaka yake tu."

"Na mama yake ndiye anayenililia kila asubuhi," Inspekta alisema, akachukua mkoba wake. Hakuna kilichokuwa kimemkalia sawa bado. Aliyemjali kijana yule kuliko wote alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, na mwingine alikuwa amemshika bega.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, safi, sakafu inang'aa. Gari la mikate lilikuwa limeegeshwa nje. Inspekta alimwacha Koplo mlangoni na askari wengine, akamwambia Koplo asile chochote.

Mama alimkaribisha kwa mikono miwili, akamkalisha sebuleni, akatafuta usoni mwake habari na asiione. Mwanawe wa kwanza alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, bado amevaa fulana ya kiwanda.

"Nimekuja kusalimia tu, Mama. Na kuuliza mawili matatu."

Alikuwa hajakaa vizuri, pembeni pale kitu kikatetemeka. Koho, koho... koho.

Inspekta alikuwa anakingoja, na bado alishtuka.

"Usishtuke, mwanangu," mama alisema, na kwa mara ya kwanza Inspekta aliona jinsi tabasamu lake lilivyo. "Huyo ni Babu. Marehemu mume wangu alilinunua kwa mtu, likiwa limeshachoka. Watoto wakasema linakohoa kama babu yao, basi jina likaganda. Mtu akitaka maji ya baridi anasema, nenda kwa Babu."

"Wageni wanalijua?"

"Wageni gani, mwanangu? Mimi nashinda kazini. Hapa tunakaa sisi kwa sisi."

"Ile makala ya vijana wa Ngao ilipoonyeshwa, mlitazama?"

"Tulitazama, mimi na huyu. Mdogo wake alikuwa ameingia kulala mapema, alisema kichwa kinamuuma." Mama alicheka kidogo, akajipangusa jicho kwa ncha ya kanga. "Tena siku hiyo ilinichekesha! Nilikuwa nimemchomoa Babu umeme ili barafu iyeyuke, nimsafishe. Milango iko wazi, mataulo chini, maji yanachuruzika. Tumekaa hapa, yule mtu mweusi wa kwenye televisheni kanyamaza kidogo, mara Babu akakohoa! Nikageuka, naona plagi iko chini. Nikasema, jamani, Babu anakohoa na umeme hana! Kumbe anakohoa kwenye televisheni! Nikasema, basi huyo mtu ana friji kama letu, au yuko sebuleni kwetu hapa hapa. Nilicheka mpaka machozi."

"Na mwanao, alicheka?"

"Huyu?" Mama alimtazama mwanawe wa kwanza kwa upendo uliochanganyika na utani. "Huyu siku hizi hacheki. Alivaa viatu akatoka, akasema anakwenda kununua vocha."

Inspekta hakugeuka upesi. Aliuliza kama mtu anayepoteza wakati tu. "Baba yao alipofariki, mdogo alikuwa mkubwa?"

"Alikuwa hata shule hajaanza. Mimi nikarudi kazini, kaka yake ndiye aliyemlea. Kumwogesha, kumvisha, kumfunga viatu. Siku alipoweza kufunga mwenyewe walikuja mbio mpaka kazini kwangu kunionyesha."

"Mama," ilisema sauti kutoka kizingitini. "Nyamaza, Mama."

Sasa Inspekta aligeuka. Yule kaka hakuwa amesogea, ila rangi ilikuwa imemtoka, na mikono yake, ambayo kila asubuhi ilikuwa na mkate, ilikuwa haijui iwekwe wapi.

"Yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Sijui unachosema."

"Hebu rudia."

Hakurudia. Alijaribu, midomo ikacheza, kisha akaketi chini pale pale kizingitini, jitu zima.

"Ghala la unga. Nyuma ya kiwanda. Lile la zamani, halitumiki. Ufunguo uko garini, chini ya kiti."

"Ni mzima?"

"Asubuhi alikula."

"Kwa nini umemfungia?"

"Wenzangu wa Ngao walijua kwa maneno yake kuwa ni mtu wa mtaa huu, wakanituma mimi nimtafute. Mimi niliyemleta kwao." Alikuwa anaongea na sakafu. "Niliwaambia sijampata. Wao wakanipa mpaka kesho. Kila nikipeleka mkate nasema leo namwachia akimbie. Kila nikifunga mlango nakumbuka alichosema mbele ya nchi nzima. Nilikuwa bado sijaamua."

"Kuamua nini?"

Kaka mtu alinyoosha mikono mbele, tayari kufungwa.

Koplo aliingia na pingu. Alimfunga yule aliyekuwa anamlisha mikate bila kumtazama, akachukua ufunguo garini, akamwacha askari mlangoni, akaondoka na wengine. Sebuleni walibaki wanawake wawili na kijana aliyefungwa mikono. Mama alikuwa anamtazama mwanawe wa kwanza, halafu televisheni iliyozimwa, halafu mwanawe tena, kama mtu anayepanga vyombo akaona vimezidi kimoja.

Redio ya Inspekta ilikwaruza.

"Tumempata, afande," ilikuwa sauti ya Koplo, imejaa pumzi. "Amedhoofu, lakini ni mzima. Tunampeleka hospitali. Anauliza jambo moja tu."

"Jambo gani?"

"Anauliza kama mama yake aliiona ile filamu."

Inspekta alizima redio, lakini alikuwa amechelewa. Mama alikuwa amesikia kila neno. Alishika mkono wa kiti, akainuka nusu, akakaa tena.

"Kumbe yule mtu mweusi ni mwanangu," alisema. "Alikuwa amekaa hapa. Hapa nilipokaa."

"Ndiyo, Mama."

"Na huyu kaka yake asingejua. Mpaka mimi nilipocheka." Alimkazia Inspekta macho, makavu kabisa. "Basi ni mimi niliyemtaja mwanangu."

Mtu akiuliza, anajibiwa. Alikuwa amelisema mwenyewe asubuhi ile, tena kwa kiburi, na mwongozaji alikuwa amemtazama tu.

"Hapana, Mama," Inspekta alisema. "Si wewe."

Kwa upole ule ule wa kuulizia habari kaunta, Mama akasema:

"Hebu rudia, mwanangu."

Inspekta alifungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu, na yalikataa kutoka. Pembeni kukatetemeka. Koho, koho... koho.

Mama aliinuka, akaenda mpaka kwenye friji, akainama kwa shida, akachomoa plagi ukutani.